Maji ya Mfereji Hayajui Kiangazi

Wakulima wenzangu wa Kainuk,

Kila mwaka mvua za Machi zikikaribia twasikia shauri lile lile: tungikeni vyandalua, fyekeni majani, homa inakuja. Ni shauri jema, wala silipingi. Lakini kwa maoni yangu shauri hilo lilitungwa kwa ajili ya mchungaji, si kwa ajili ya mtu mwenye shamba la kumwagilia. Sisi tumebadili kazi, na mwaka wetu wa magonjwa umebadilika pamoja nayo, bali desturi zetu zimebaki pale pale.

Wazee wetu waligawa mwaka sehemu mbili. Akiporo ilikuwa wakati wa mvua, wa majani na maziwa, na wa mbu. Akamu ilikuwa wakati wa jua, upepo, vumbi na njaa. Lakini madimbwi yalikauka, watu wakahama na mifugo yao, na mbu wakapungua sana. Basi homa nayo ilikuwa na mwisho wake. Aliyeumwa wakati wa mvua aliweza kutazamia miezi ya nafuu.

Sasa tazameni hali yetu. Katika miaka iliyofuata njaa kubwa ya 1960 na 1961, skimu za kumwagilia zilianza kufunguliwa kando ya mto Turkwel, na jirani zetu wa Katilu wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kulima hivyo. Bwawa la Turkwel lilipomalizika mwaka 1991, mto wenyewe ukabadilika. Maji ambayo zamani yalikuja kwa kishindo wakati wa mvua kisha yakapotea mchangani, siku hizi huzuiwa huko juu na kufunguliwa kadiri mitambo ya umeme inavyoyahitaji. Hiyo ni neema kwa mahindi na mtama. Ni neema kwa mbu pia. Mfereji unaokuletea maji mwezi wa Januari, jua likiwa kali, ndio unaomlea mbu mwezi huo huo wa Januari.

Nina jirani ambaye homa ilimshika mwezi wa Februari. Akasema, "Malaria ya nini, na mvua haijanyesha?" Akadhani ni uchovu wa jembe, akajilaza chini ya mti akingoja nafuu. Zamu yake ya maji ikampita mara mbili, na mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Kila mmoja wetu ajua mahindi yakikosa maji wakati wa maua yatokeavyo: mabua marefu, magunzi matupu. Jirani yangu alipona. Shamba lake halikupona mwaka ule. Nawaomba mpige hesabu hiyo nyumbani kwenu, kwa maana twazoea kuhesabu bei ya mbegu na mbolea, lakini siku za kulala kitandani hatuziandiki popote.

Dawa ya kwanza iko mikononi mwa mkulima mwenyewe. Mbu hutaga mayai majini, na katika joto letu yai huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo. Maji yakikauka kabla ya hapo, viluwiluwi vyote hufa. Kwa hiyo fungeni maji na kuacha shamba na mifereji midogo ikauke kabisa siku mbili kila wiki. Ondoeni tope na majani ili maji yapite upesi. Sawazisheni udongo, maana kila bonde dogo ndani ya shamba ni kitanda cha mbu. Fukieni mashimo mliyochimba udongo wa kujengea nyumba, na kateni mathenge inayoota kando ya mfereji na kuziba njia ya maji. Wengine watasema mazao yatakauka. Sivyo. Mahindi na mtama hayapendi mizizi yake ilale ndani ya maji kila siku. Muulizeni Bwana Shamba.

Hata nyumbani kuna maji. Mwaka 2023 wataalamu wa Kenya walitangaza kwamba mbu wa aina nyingine, Anopheles stephensi, amepatikana katika kaunti za Marsabit na Turkana. Huyu hahitaji dimbwi la mvua. Hupenda mapipa, matangi na mitungi, yaani vile vyombo tunavyojaza maji hasa wakati wa kiangazi. Pipa lifunikwe vizuri, na lisuguliwe ndani kila wiki.

Kuhusu chandalua, sina haki ya kumcheka mtu. Changu cha kwanza nilikizungushia bustani ya sukuma wiki ili mbuzi wasiingie, na mboga zilistawi. Watoto wangu ndio walioumwa. Najua pia kwamba ndani ya nyumba joto huzidi, na watu wengi hulala nje. Basi kitungeni nje, chini ya mti, kwa kamba nne, na kuchomeka ncha zake chini ya mkeka. Mtoto alalaye nje karibu na kichuguu yuko katika hatari nyingine tena, kwa sababu usubi wa mchanga hujificha katika vichuguu na nyufa mchana, na usiku hutoka kuuma na kuleta kala-azar. Mtoto mwenye homa isiyokwisha kwa wiki mbili, anayekonda huku tumbo likivimba upande wa kushoto, asitibiwe kwa kubahatisha. Apelekwe hospitali akapimwe, maana ugonjwa huo usipotibiwa huua.

Na mwenye homa yoyote apimwe damu, iwe mvua au jua. Akipewa dawa ya malaria ya siku tatu, aile siku zote tatu. Kuna watu wanaomeza nusu, wakipata nafuu wanaficha nusu nyingine kwa ajili ya homa ijayo. Hapo homa haijaisha, na akiba hiyo haitoshi kumponya mtu.

Kiangazi bado kina maradhi yake ya zamani. Vumbi na nzi huleta trakoma, ambayo ikirudi mara nyingi huweza kupofusha. Kikombe kimoja cha maji chatosha kuosha uso wa mtoto asubuhi, hata maji yakiwa haba.

Wala tusitegemee kalenda. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mwisho wa 2023 zikaja na mafuriko. Mfereji tunaufungua na kuufunga wenyewe, hivyo tuanzie hapo.

Kamati ya maji humtoza faini mtu anayeiba zamu ya mwenzake. Nionavyo mimi, anayeacha maji yatuame nyuma ya shamba lake amewaibia jirani zake siku za kazi, na faini yake yafaa iwe ile ile. Jambo hili liletwe mkutanoni kabla ya maji ya msimu ujao kufunguliwa, na kila mtu aje na jembe, maana kuna mashimo ya kufukia siku hiyo hiyo.