Nani Atahifadhi Tungo za Kakai Kilonzo?

Ukambani, kuanzia Kitui hadi Makueni, jina la Kakai Kilonzo wa bendi ya Kilimambogo Brothers lingali likitajwa kwa heshima, ingawa alifariki mwaka 1987. Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumemwachia watangazaji wa redio.

Ikumbukwe kuwa Kakai alitunga kwa Kikamba na vilevile kwa Kiswahili. Wimbo wake “Mama Sofi” ni ushahidi. Kwa njia hiyo, benga ya Ukambani ilipata wasikilizaji nje ya Ukambani. Je, angalikuwa mwandishi wa riwaya, tungalimnyima tahakiki?

Wapo wanaodai kwamba nyimbo za gitaa si fasihi. Dai hilo halina mashiko, kwani zina visa, wahusika na taswira kama utenzi wowote.

Estonia, nchi ndogo, ilifungua mwaka 2018 jengo la kuhifadhi kazi za mtunzi wake Arvo Pärt angali hai. Sisi hatuhitaji jengo ili kuanza. Santuri zinachakaa na wenye kuzikumbuka wanazeeka. Hima, wenzangu, tuzinakili tungo hizi, maneno pamoja na muziki wake. Mcheza kwao hutuzwa.