Dakar iko karibu kuliko London, mbona safari ni ndefu?

Tukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi hadi Dakar, mji mkuu wa Senegal, tutapata mwendo wa kilomita 6,200 hivi. Tukiunyoosha kutoka Nairobi hadi London, tutapata kilomita 6,800 hivi. Ndege kubwa ya abiria huenda takriban kilomita 850 kwa saa. Kwa hivyo, safari isiyo na kituo hadi Dakar ingechukua saa saba na kitu, na ya London karibu saa nane.

Hiyo ndiyo hesabu ya tufe. Hesabu ya msafiri ni nyingine kabisa. Aendaye London hulala ndani ya ndege akaamka amefika. Aendaye Dakar mara nyingi hulazimika kutua njiani au kubadilisha ndege katika mji wa tatu, na kungoja huko saa nyingi. Wako hata wanaovuka Sahara hadi Ulaya, kisha wakarejea kusini, ili wapate kufika kwa Waafrika wenzao!

Naamini kwamba umbali huu haukuumbwa na Mungu. Umewekwa na binadamu. Wakoloni walizielekeza njia zetu London na Paris, nasi baada ya uhuru tukazifunga anga zetu kwa mikataba ya nchi mbili mbili, kila serikali ikililinda shirika lake la ndege.

Si kwamba dawa haijulikani. Mnamo Novemba 1999, mawaziri wa Afrika walikutana Yamoussoukro, Cote d'Ivoire, wakaafikiana kuzifungua anga. Januari 2018, Umoja wa Afrika ukazindua Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga mjini Addis Ababa kwa nchi 23, Kenya ikiwamo. Maana yake ni kwamba ndege ya Kenya ikitua Abidjan iwe na ruhusa ya kupakia abiria wapya na kuwapeleka Dakar. Pasipo ruhusa hiyo, viti vinavyoachwa wazi na wanaoshuka Abidjan hubaki vitupu, na gharama yake huangukia wale wanaoendelea na safari.

Wapo wanaopinga kwa kusema kuwa abiria wa njia hizi ni wachache, na kwamba mashirika madogo yatamezwa na makubwa. Hofu yao si ya bure. Lakini abiria watakuwaje wengi ilhali nauli ni ghali na safari ni ya kuchosha? Mfanyabiashara wa Gikomba atakwendaje kutafuta vitambaa Dakar ikiwa nauli itakula faida yote? Tangu Januari 2021 tumeanza kufanya biashara chini ya mkataba wa soko huru la Afrika. Soko lisilofikika ni soko la karatasini.

Kwa maoni yangu, serikali yetu isiridhike na kutia sahihi. Itangaze hadharani ni nchi zipi zimeikubalia ndege za Kenya haki hiyo, ni zipi zimeinyima, na sisi wenyewe tumemnyima nani. Mlango hauwezi kufunguliwa iwapo aliyeshika ufunguo hajulikani.