Kalamu Nyekundu ya Mhariri Chipukizi

Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, jarida la shule huchukuliwa kuwa pambo la siku ya wazazi. Mtazamo huo unaipunja taaluma. Mwanafunzi anayepewa makala ya kurasa tatu ayatie katika ukurasa mmoja pasi na kupotosha hoja hufanya zoezi lile lile linalotahiniwa katika muhtasari, sehemu yenye alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE. Tofauti ni kwamba hapa mwenye makala huketi dawati la pili, naye atadai kuelezwa kwa nini aya yake imefutwa. Hapo mhariri hulazimika kuujua upatanisho wa kisarufi kwa sababu zake, si kwa mazoea ya sikio tu.

Faida hiyo huyeyuka pale mwalimu mlezi anaposahihisha kila kitu mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya kwenda kwa mpiga chapa. Jarida hutoka safi. Wahariri wakabaki walivyokuwa. Tena Kiswahili, kama ilivyo ada, hutengewa kurasa mbili za mwisho, baada ya picha za timu ya hoki! Walimu watarajiwa walioko vyuoni na waanzie hapo: wadai nusu ya kurasa, kisha wawaachie wanafunzi kalamu nyekundu.