Nyanya Hazingoji Mkutano

Ndugu msomaji, ukishika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, ukishapanda mlima wa Kitonga utafika Ilula, wilaya ya Kilolo. Huko ni kwenye nyanya. Wakati wa msimu utayaona matenga yamepangwa kando ya njia, na wenyewe wamekaa nyuma yake wakitazama juu. Hawaombi mvua, wanaliogopa jua. Simama uulize bei asubuhi, kisha uulize tena alasiri, nawe utaelewa hali ya mkulima wetu bila kufungua kitabu.

Asubuhi mwenye nyanya hutaja bei yake. Dalali hucheka, akaenda zake kunywa chai. Hana haraka. Ajua kwamba nyanya iliyoiva haina siku nyingi katika joto, na ile iliyobanwa chini ya tenga haina hata hizo. Ajua pia kwamba kutoka hapo hadi masoko ya Dar es Salaam ni karibu kilometa 450, na mkulima hana lori. Saa tisa dalali hurudi, na sasa bei aitajayo yeye ndiyo bei. Asiyekubali atarudi nyumbani na mali yake aimwagie nguruwe. Halafu wataalamu hutuambia kwamba soko ndilo lililoamua. Soko gani? Lililoamua ni jua, na jua siku zote huwa upande wa mwenye lori.

Ndiyo sababu twasema kwamba nyumba ya baridi si anasa ya matajiri. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia chakula kisioze. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu iliyo kubwa zaidi ni kumpa mkulima uwezo wa kumwambia dalali, "Leo siuzi." Mtu asiyeweza kutamka maneno hayo mawili hafanyi biashara, anatoa sadaka.

Mkulima wa mahindi aweza kuyatamka. Mahindi yakikaushwa vizuri hungoja, na Serikali yenyewe ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anayenunua na kuweka nafaka. Mkulima wa korosho naye anayo sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005. Basi jambo lenyewe lilikwisha kukubaliwa zamani, kwamba taifa lina wajibu wa kumpatia mkulima mahali pa kuweka mali yake asubiri bei. Tofauti ni kwamba ghala la mahindi lataka paa na ukavu, na ghala la nyanya lataka umeme. Je, kwa sababu hiyo tu mwenye nyanya si mwananchi?

Wale wapelekao maua Ulaya wana vyumba vya baridi kutoka shambani mpaka uwanja wa ndege. Hatuwaonei wivu. Twauliza tu kwa nini ua la kupambia meza ya Mzungu lipewe baridi, na mboga ya kulisha Mwafrika iachwe juani.

Wala tusidanganyane, maana hapa wengi hupenda kusema ovyo. Baridi haigeuzi nyanya kuwa mahindi. Nyanya iliyoiva, ikiondolewa joto la shambani mapema na kuwekwa kwenye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, humpa mwenyewe wiki moja, pengine mbili. Si miezi. Lakini wiki moja yatosha kabisa kumfanya dalali aache kucheka. Ukizidisha baridi nyanya huharibika vilevile, hupoteza utamu na kuingia madoa. Kabichi na karoti hutaka baridi kali karibu na sifuri, tena hazipendi kukaa chumba kimoja na nyanya zinazoiva, kwa sababu ya hewa zitoazo. Vitunguu hutaka ukavu na upepo. Kwa hiyo asije mtu akajenga jumba moja kubwa, akakata utepe, akapigwa picha, akasema amemaliza kazi. Nyanya iliyopondwa shambani nayo haiponyeshwi na mtambo wowote. Kreti za plastiki zianze kabla ya mtambo.

Ahadi hatukukosa. Mwaka 2014 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Malabo, wakaazimia kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya kuvuna ifikapo 2025. Nchi yetu ikatoa mkakati wake wa mwaka 2019 hadi 2029. Mwaka 2025 ulipofika nusu hiyo haikupatikana, na Januari ya mwaka huo huo wakuu wakakutana tena Kampala, wakaahidi nusu ile ile, safari hii ifikapo 2035. Hesabu, ndugu, ni misimu mingapi ya nyanya iliyomo kati ya mkutano na mkutano.

Wako waungwana watakaosema kwamba Serikali haina kazi ya kuuza baridi, mambo hayo waachiwe wenye mitaji. Sawa. Wenye mitaji wameachiwa miaka yote hii, na matenga bado yako juani. Nchini India Serikali husaidia wajengao nyumba za baridi kwa ruzuku ya asilimia 35 ya gharama, na asilimia 50 kwenye maeneo ya milima. Wamejenga nyingi, na sehemu kubwa hujazwa viazi. Lakini tusiige kwa kufumba macho. Ruzuku ile huambatana na mkopo wa benki, na asiyekopesheka hana lake. Tukifanya hivyo hapa, dalali ndiye atakayejenga, na mkulima atatoka mkononi mwa jua aingie mkononi mwa mwenye ufunguo.

Ufunguo ndio hoja. Vyumba viwe mali ya vyama vya ushirika vya msingi, vidogo, karibu na mashamba na karibu na barabara. Nchini Nigeria kampuni ya ColdHubs huweka vyumba viendeshwavyo kwa nguvu ya jua, na mwenye mali hulipa ada kwa kila kreti kwa siku. Mkulima mdogo aweza kulipa hivyo. Asichoweza ni kununua mtambo. Hapo ndipo pa Serikali: kununua mitambo, kubeba hasara ya miaka ya mwanzo, kuweka bei nafuu ya umeme kwa vyumba hivyo, na kufundisha mafundi wa huko huko, ili mtambo ukiharibika Jumamosi usingoje fundi wa Dar es Salaam mpaka Alhamisi.

Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na nguzo zimefika vijijini. Haifai nguzo ipite juu ya tenga la nyanya zinazooza.

Wazee wetu wanaukumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 Kongwa na kufa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Matrekta yalikuja kabla ya mtu kuuliza udongo una hali gani. Chumba cha baridi kisichopata mzigo kwa miezi minane ya mwaka kitakuwa Kongwa nyingine. Basi waulizwe wakulima kwanza: mwezi gani mna nini, na lori hufika siku gani?

Bajeti ya Serikali husomwa Dodoma kila Juni. Safari hii tutaisoma ukurasa kwa ukurasa tukilitafuta fungu la nyumba za baridi za vyama vya ushirika, na tutauandika hapa hapa gazetini ukubwa wake, au kwamba halimo.