Maoni Yetu: Jirani alipwe, ndovu apone

Ukipanda kutoka Kianyaga, huku Gichugu, kuelekea mlimani, kahawa inakwisha na chai inaanza. Chai nayo ikikwisha, unakutana na waya. Ng'ambo ya waya ni Msitu wa Mlima Kenya. Upande huu ni shamba la mtu, pengine ekari moja, pengine nusu, baada ya mzee kuwagawia wanawe.

Ua huo wa umeme ulianza kujengwa 2012 na shirika la Rhino Ark, pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, Shirika la Misitu, KFS, na jamii zinazopakana na mlima. Nia ni kuuzungushia mlima wote, safari ya zaidi ya kilomita 400. Ni kazi njema. Ndovu akishuka usiku mmoja, kunapopambazuka mwenye shamba huwa anahesabu migomba iliyolala chini.

Lakini waya haujilindi. Mvua ikinyesha na tawi likaangukia ua, umeme huvujia ardhini na kilichobaki ni kamba ya kuanikia nguo. Wa kwanza kuliona tawi hilo ni mchuma chai anayeingia shambani alfajiri, kikapu mgongoni. Akipiga simu, ua utatengenezwa siku hiyo. Akinyamaza, ndovu atajua kabla ya ofisi yoyote.

Swali letu ni hili: apige simu kwa faida gani?

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema aliyeuawa na mnyama, familia yake ilipwe Sh5 milioni, na aliyelemazwa kabisa Sh3 milioni. Mazao yaliyoharibiwa nayo yanastahili fidia kwa bei ya soko. Kwenye karatasi, ni sheria nzuri. Mashinani, wadai wamesubiri miaka na mikaka. Mtu aliyepoteza mahindi ya msimu mzima hawezi kulisha watoto kwa fomu iliyopigwa muhuri. Mkono mtupu haulambwi.

Upande wa pili wa mlima, ushirikiano umezaa matunda. Mashamba makubwa ya Marania na Kisima yalikubali kutoa ardhi ili ndovu wapate njia ya kilomita 14 kati ya mlima na Msitu wa Ngare Ndare, hadi hifadhi ya Lewa. Tangu 2011 ndovu hupita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, magari yakipita juu yao. Mwaka wa 2013, UNESCO ilizijumuisha Lewa na Ngare Ndare katika Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya.

Hata hivyo, mfano huo hauwezi kuhamishwa hivi hivi hadi Gichugu. Mwenye maelfu ya ekari anaweza kumegea ndovu kipande na bado akala. Mwenye ekari moja akimega, amejifukuza nyumbani. Anachoweza kutoa ni macho, jasho na uaminifu wake. Hivyo navyo vina bei.

Uaminifu huo ndio utakaoamua hatima ya bongo pia. Swara huyu wa milimani, mwekundu mwenye mistari myeupe, hafikishi 100 porini. Mnamo 2004, bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani hadi Nanyuki, na 2022 hifadhi ya Mawingu ikafunguliwa ili uzao wao uzoee kuishi kama wanyama wa mwituni. Itakuwa kazi bure kuwaachilia mlimani ikiwa jirani ataendelea kutega nyaya vichakani, au kumfumbia macho anayetega.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila sehemu ya ua itunzwe na watu wa vijiji vinavyopakana nao, kwa mshahara wa kila mwezi, si kwa kibarua cha siku ambazo wafadhili wanatembelea. Pili, fidia ya mazao ilipwe kabla ya msimu unaofuata wa kupanda. Tatu, wanaonufaika na msitu huu huko chini wachangie. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi hutoka mlimani humu na kumwagilia mpunga wa Mwea, na bwawa la Thiba lenyewe liko Rukenya, papa hapa Gichugu. Sehemu ya ada ya maji irudi juu, kwa wanaolinda chemchemi.

Wakulima nao wasijitie hamnazo. Wapo wanaofungua ua usiku ili kupitisha ng'ombe au kuni, kisha asubuhi wanalaumu serikali kwa migomba iliyovunjwa. Vyama vya jamii vya misitu, ambavyo sheria ilivitambua tangu 2005, viwataje watu hao mikutanoni bila kuogopa kwamba ni jamaa au jirani.

KWS, KFS, kaunti ya Kirinyaga na Rhino Ark wakae na vyama hivyo, waandike nani atafanya nini na atalipwa lini. Ndovu hasomi mikataba, lakini mchuma chai anasoma, na simu anayo mfukoni.