Wanaonunua mwani wachangie utafiti wa mbegu

Wafanyabiashara wengi wa mwani Unguja na Pemba hutazama jambo moja tu: kilo moja kavu inanunuliwa shilingi ngapi msimu huu. Bei hiyo hupangwa mbali, na makampuni machache ya Ulaya, Marekani na Asia yanayotoa karajinani ndani ya mwani, yaani ule unga unaotiwa kwenye maziwa ya chokoleti, dawa ya meno na nyama za kopo ili vishikamane. Mkulima wa Paje hana sauti juu ya bei hiyo, na dalali anayemnunulia ana sauti ndogo mno. Hata hivyo, hasara kubwa iliyolipata zao hili katika karne hii haikuletwa na bei. Ililetwa na mbegu.

Aina zinazolimwa kwa biashara ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii hutoa karajinani inayoganda kwa ugumu, ambayo soko la dunia linaihitaji zaidi, na kwa hiyo bei yake mara nyingi imekuwa karibu maradufu ya spinosamu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa katika sehemu nyingi za pwani ya Unguja. Maji ya kina kifupi yamepanda joto, matawi yanapauka na kukatika, na magugu ya baharini yanaizinga mimea. Wakulima wakarudi kwenye spinosamu, ambayo ni ngumu kufa lakini bei yake ni hafifu. Ikumbukwe kwamba zinahitajika kilo saba au zaidi za mwani mbichi kupata kilo moja kavu, na kazi yote hiyo hufanywa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, kina mama wameinama juani kwa saa kadhaa. Zanzibar ina wakulima zaidi ya 20,000 wa zao hili, na wengi wao sana ni wanawake.

Ni vyema wenye mitaji wakumbuke biashara hii ilitoka wapi. Kilimo cha mwani kilikuwa wazo la chuo kikuu kabla hakijawa biashara. Prof. Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeuchunguza mwani wa pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1970 na kushikilia kwamba unaweza kulimwa, wakati wengi waliuona ni takataka ya ufukweni. Mwaka 1989 mashamba ya kwanza ya biashara yakaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Makampuni yalitoa kamba na taitai, yakanunua mazao, yakasafirisha. Gharama ya kufikiri ilikuwa imekwisha kulipwa na walipa kodi.

Mwani huu haupandwi kwa punje. Mkulima hukata tawi, hulifunga kwenye kamba, na tawi hilo huwa shamba la msimu ujao. Kwa maneno mengine, shamba zima ni mmea uleule uliokatwakatwa kwa zaidi ya miaka 30. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Hakuna mfanyabiashara wa mahindi au pamba ambaye angekubali kukopa benki kwa zao lenye mbegu ya namna hiyo.

Dawa ipo, na imo mikononi mwa watafiti. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, imejaribu kilimo cha kamba zinazoelea na cha nyavu za mrija katika maji ya kina kirefu, ambako joto ni dogo. Dk. Flower Msuya alitumia miaka mingi katika kazi hiyo, na pia kuwafundisha kina mama kutengeneza sabuni na unga wa mwani badala ya kuuza mkavu peke yake. Aidha, vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba pwani ya Tanzania ina mwani wa asili wa jamii hiyohiyo, tofauti na ule wa Ufilipino. Huenda humo ndimo itakamotoka mbegu ya kuvumilia joto.

Lakini kazi hiyo huenda kwa fedha za wafadhili. Mradi ukifika mwisho, vifaa hubaki, mtafiti hutafuta mradi mwingine, na ripoti hukaa kabatini kwa Kiingereza. Hapo vyuo navyo vina lawama. Maji ya kina kirefu yanataka boti na mtu anayejua kuogelea, na kina mama wengi hawana la kwanza wala la pili. Hilo nalo linataka mtaji ambao haumo katika bajeti ya utafiti.

Kwa hiyo itozwe tozo ndogo kwa kila kilo inayopakiwa bandarini, na iende moja kwa moja kwenye mashamba ya mbegu na majaribio ya baharini. Wanunuzi watasema mzigo utamwangukia mkulima. Ni kweli, unaweza kumwangukia, kwa kuwa wanunuzi ni wachache na wanajuana. Ndiyo maana tozo ianze pamoja na mbegu kumfikia mkulima, isitangulie miaka mitano. Tena fedha zisipitie mfuko mkuu. Wenye korosho wanalifahamu jambo hilo: hadi mwaka 2018 sehemu kubwa ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kuendeleza zao, utafiti na pembejeo zikiwamo, kisha sheria ikabadilishwa na fedha zote zikapelekwa Hazina.

Zanzibar imeuweka uchumi wa buluu mbele, na mazungumzo ya viwanda vya kusindika mwani ni mengi. Mwekezaji mdogo anayeitwa kununua hisa katika kiwanda cha namna hiyo aulize kwanza kotonii itatoka shamba gani, kwa mbegu ya nani, na katika kina gani cha maji. Akijibiwa kwa bei ya soko la dunia peke yake, fedha zake zisubiri.