Hela ya gia mpe fundi spoku

Jamani, likizo Njombe kila mtu anataka baiskeli ya gia, wakati gunia la viazi linabebwa na gurudumu la nyuma. Baiskeli za kizamani za Uingereza zilikuwa na spoku 32 mbele, 40 nyuma, kwa sababu hiyo hiyo. Spoku haikatwi na uzito peke yake. Ikilegea, kila mzunguko inachezacheza pale shingoni kwenye habu mpaka inachoka. Kuweka spoku nene bila kuzikaza sawasawa ni kutupa hela. Zigonge kwa kidole: za upande mmoja zilie sauti moja. Anayeshuka kuelekea Makambako na gunia, zikikatika tatu mfululizo, gia zitamsaidia nini?